Msitu Wetu na Daftari Lake

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Ulianza kwa a, e, i, o, u. Ukaandika jina lako. Ukasoma barua ya mwanao bila kumwita mtu wa kukusomea. Leo nataka kukuuliza swali moja. Je, umekwisha kuzisoma sheria ndogo za msitu wa kijiji chako?

Nadhani hujazisoma. Usione haya. Hata watu waliomaliza darasa la saba na kidato cha nne, wengi wao hawajazisoma. Karatasi hizo hukaa ndani ya faili. Faili limo kabatini. Ufunguo wa kabati anao mtu mmoja. Maoni yangu ni kwamba msitu huanza kuharibika hapo kabatini, kabla shoka halijanolewa.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Nitaanza na habari za hapa hapa kwetu Babati.

Si mbali na mji wa Babati kuna vilima vyenye msitu unaoitwa Duru-Haitemba. Ni msitu wa miombo. Ukubwa wake ni kama hekta 9,000. Ukitaka kuupima kwa macho, fikiria viwanja vya mpira zaidi ya 12,000 vimepangwa pamoja. Vijiji vinane viliuzunguka: Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda. Watu wa vijiji hivyo walichukua humo kuni, fito, dawa, asali na maji ya chemchemi. Walilisha mifugo humo wakati wa kiangazi.

Katika miaka ya 1980 serikali iliona kwamba msitu unakatwa ovyo. Ikataka kuufanya hifadhi ya serikali. Wapimaji wakaja, wakapima mipaka. Nia ilikuwa njema. Lakini tazama lililotokea. Wanakijiji walisema, kama msitu huu unakuwa wa serikali, basi sisi tukate chetu mapema kabla hatujafungiwa. Shoka zikaongezeka. Mtu ambaye zamani alimkemea jirani yake kwa kukata mti mbichi, sasa alinyamaza. Angemkemea kwa nini? Msitu haukuwa wake tena.

Wakati huo mimi sikuwa nimezaliwa. Habari hizi nimezisikia kwa wazee na nimezisoma. Lakini nazielewa vizuri, kwa sababu hata leo mtu hulinda shamba lake usiku kucha, na ng'ombe wakiingia katika shamba la ofisi hupita tu na kwenda zake.

Mwaka 1994 mambo yakageuka. Serikali ikakubali kuacha mpango wa hifadhi. Wanakijiji waliulizwa: je, ninyi wenyewe mnaweza kuulinda msitu huu? Wakajibu kwamba wanaweza. Shirika la misaada la Sweden liliunga mkono kazi hiyo. Kila kijiji kilichukua sehemu yake ya msitu, kikazunguka mipaka yake kwa miguu, kikakubaliana na majirani zake. Kisha kila kijiji kikakaa na kupanga. Sehemu zilizochoka zikafungwa ili zipumzike. Sehemu nyingine zikaachwa kwa matumizi yenye mpaka. Kuchoma mkaa kukakatazwa. Kufyeka shamba ndani ya msitu kukakatazwa. Kuchuna gome la mti kulizunguka shina lote kukakatazwa pia.

Vijana wakachaguliwa kuwa walinzi. Hawakupewa mshahara. Walisamehewa kazi za kujitolea za kijiji, na walipata sehemu ya faini. Mtu anaweza kuuliza, je, mlinzi asiye na mshahara ataweza? Aliweza, kwa sababu alikuwa analinda kitu cha mama yake. Tena aliwajua wakataji wote kwa majina. Askari anayetoka mbali hajui njia za panya. Kijana wa kijiji amezipita akiwa mtoto, akichunga mbuzi.

Baada ya hapo likabaki jambo moja kubwa. Makubaliano ya mdomo hayana nguvu mahakamani. Mkataji akifikishwa huko atauliza, nimevunja sheria gani? Basi vijiji vilitumia Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ambayo inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji hupendekeza, wanakijiji huzijadili, kisha halmashauri ya wilaya huzithibitisha. Mwaka 1995 sheria ndogo za vijiji vya Duru-Haitemba zilipitishwa wilayani. Tangu hapo mkataji hakuweza tena kusema kwamba anaonewa na vijana wenye wivu. Kulikuwa na karatasi yenye mhuri.

Ndugu msomaji, jambo hili lilikuwa dogo kwa kulitazama, lakini lilifika mbali. Watu walikuja kujifunza kwetu. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilikubali kwamba wanakijiji wanaweza kuwa wenye msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliandika jambo hilo waziwazi. Sheria hiyo inasema kijiji kinaweza kutenga hifadhi ya msitu katika ardhi yake, kikaunda kamati, kikapanga matumizi, na mapato ya msitu huo yakabaki kijijini. Wataalamu huandika vitabu kuhusu Duru-Haitemba, na vitabu hivyo husomwa Ulaya. Sisi wenyeji wa Babati, wengi wetu hatuijui habari hii. Jambo hili huniudhi kidogo.

Sasa nitakueleza kisa nilichokiona mwenyewe. Sitataja kijiji wala mtu.

Katika kijiji kimoja nilichokuwa nikikitembelea, mwalimu wa kisomo aliishiwa vitabu. Wanakisomo walikuwa wamevisoma vyote mara mbili. Nikamshauri aende ofisini aombe nakala ya sheria ndogo za msitu, azitumie kama kitabu. Alipewa baada ya kurudi mara tatu. Darasa likaanza kusoma, kila siku kifungu kimoja. Lugha yake ni ngumu. Neno "endapo" lilitusumbua jioni nzima.

Walipofika kifungu kinachohusu kuni, mama mmoja alisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Kifungu kilisema kwamba mkazi wa kijiji anaruhusiwa kuokota kuni kavu kwa matumizi ya nyumbani, bila malipo. Mama akasimama. Akakisoma tena. Kisha akauliza, "Mwalimu, neno hili ni 'bila'?" Mwalimu akasema ndiyo. Mama akakaa chini, hakusema kitu.

Nilikuja kujua baadaye. Kwa muda wa miaka miwili mama huyu alikuwa akimpa mlinzi mmoja shilingi mia tano kila alipokutwa na mzigo wa kuni kavu kichwani. Aliambiwa ni faini. Hakupewa stakabadhi. Wanawake wengine walilipa pia. Jioni moja alikutana na kijana yule njiani. Akatua mzigo wake, akatoa daftari lake ambamo alikuwa amenakili kile kifungu kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia, "Mwanangu, nisomee hapa." Kijana alisoma. Akamwambia, "Pita, mama."

Wengine walipenda kisa hiki kwa sababu ya aibu ya yule kijana. Mimi nakipenda kwa sababu nyingine. Kabla ya siku ile, wanawake wa kijiji kile waliuchukia msitu. Kwao msitu ulikuwa mahali pa kuibiwa shilingi mia tano. Waliona lori la mkaa likipita usiku wakanyamaza. Mmoja aliniambia, "Kwani ni letu?" Ni maneno yale yale ya miaka ya 1980. Tofauti ni kwamba zamani watu waliona msitu umechukuliwa na serikali, na sasa waliona umechukuliwa na watu wachache wa kijiji chao wenyewe. Wakipoteza moyo wanawake wanaoingia msituni kila siku, hata walinzi ishirini hawatatosha.

Kwa hiyo nasema, kumpa mwanakijiji msitu bila kumpa karatasi zake ni kumpa nusu.

Karatasi zenyewe si nyingi. Kuna sheria ndogo. Kuna mpango wa matumizi, unaoonyesha sehemu iliyofungwa na sehemu iliyo wazi. Kuna kitabu cha stakabadhi za faini na vibali. Na kuna daftari la mapato na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Wewe ni mjumbe. Huhitaji kuomba ruhusa ya kuuliza faini za miezi mitatu zilikuwa ngapi, na zimekwenda wapi. Kama faini zilikuwa kumi na stakabadhi ni nne, hesabu hiyo umejifunza darasani: kumi toa nne.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Bwana, njaa haisomi sheria. Mtu mwenye watoto watano na ekari moja atachoma mkaa tu." Hoja hii si ya kuchezea. Mji wa Babati unakua na unapika kwa mkaa, na gunia la mkaa ni fedha mkononi siku hiyo hiyo. Mimi pia ninapika kwa mkaa nyumbani kwangu. Siwezi kumnyooshea kidole mchomaji nikiwa nimeshika kipande cha mkaa wake.

Lakini tuhesabu. Katika tanuri letu la udongo, kilo moja ya mkaa huweza kula kilo tano hadi kumi za mti. Sehemu kubwa huondoka kama moshi. Mti wa myombo wenye unene wa kukumbatia huchukua miaka mingi kukua, na huisha katika tanuri kwa siku chache. Mchomaji hupata bei ya gunia. Dalali hupata zaidi. Kijiji hubaki na majivu. Siku msitu unapokwisha, dalali huhamia wilaya nyingine. Mwenye ekari moja atahamia wapi? Yeye ndiye atakayeamka saa kumi usiku kufuata kuni na maji. Anayeumizwa zaidi na mkaa ovyo ni yule yule maskini ambaye hoja ile inamtetea.

Kijiji kikitaka, kinaweza kupanga hata matumizi ya miti kwa kiasi: eneo hili mwaka huu, lile lipumzike, kibali kilipiwe, na fedha ziingie katika daftari. Lakini mpango wa namna hiyo huhitaji daftari la kuaminika. Unaona tumerudi pale pale.

Wengine husema, "Kwa nini tuhangaike na miti ya porini? Tukate, kisha tupande mikaratusi na migrivelia. Inakua upesi." Sina ugomvi na mikaratusi. Panda mpakani mwa shamba lako upate boriti. Lakini usifikiri umerudisha msitu. Uyoga mwingi tunaouokota baada ya mvua za kwanza huishi pamoja na mizizi ya miombo. Miombo ikiondoka, nao huondoka. Nyuki hupata maua ya aina nyingi katika msitu wa asili, kila mti kwa msimu wake. Mninga wa mlango wako haukupandwa na mtu. Dawa alizozijua bibi yako hazimo katika kitalu cha miche.

Tena msitu wa miombo una tabia ya ajabu ambayo wapanda miche wengi huisahau. Hauhitaji kupandwa. Mche wa myombo huotesha mizizi kwanza, miaka kadhaa, huku shina likiwa dogo kama la majani. Mtu hupita akadhani ni nyasi. Na mti ukikatwa, kisiki hakifi. Mizizi iko hai chini. Ukikiacha kisiki bila moto, bila mbuzi na bila jembe, kitatoa machipukizi. Katika Duru-Haitemba machipukizi yalirudi katika sehemu zilizofungwa, na hakuna aliyebeba ndoo ya maji kwenda kumwagilia.

Gome ni jambo jingine. Wachonga mizinga na wachuma dawa, nisikilizeni. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kwa kupitia ndani ya gome. Ukichuna gome kulizunguka shina lote, umeukata mti koo. Utasimama mwaka mmoja au zaidi ukiwa na majani, kisha utakauka. Ukitaka gome la dawa, chukua kipande kidogo upande mmoja, kisha nenda mti mwingine.

Na moto. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu majani ni makavu na machipukizi mapya yanaanza kutoka. Mara nyingi unawashwa na mtu anayesafisha shamba, si na adui. Huacha moto ukiwaka, akaenda kunywa uji.

Sisi si wa kwanza kufunga sehemu ya msitu ili ipumzike. Wazee wa Kigorowa na wa Kiiraqw walikuwa na misitu ya mila ambamo shoka halikuingia. Wasukuma wa Shinyanga walikuwa na ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa wakati wa kiangazi. Nchi yao ilikuwa imekatwa miti mno, kwanza katika vita dhidi ya mbung'o wakati wa Waingereza, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Mpango ule ulifanya jambo la busara: uliwasikiliza wazee, ukaitumia ngitili. Hadi kufikia miaka ya 2000, ngitili zilizofufuliwa zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Sehemu kubwa ilirudi kwa kuachwa tu.

Hata hivyo nina jambo la kuwaambia wanaosema kwamba mila peke yake inatosha. Zamani msitu wa mila ulilindwa na hofu ya laana. Leo anayekuja na msumeno wa mashine ametoka mbali, na laana ya wazee wetu haimhusu. Yeye anaogopa kitu kimoja: mwanakijiji anayemwomba kibali chake, akakisoma, akaona kwamba tarehe imepita. Labda wazee hawatapenda nilivyosema hivi. Lakini nao wamekwisha kuona malori.

Mwaka 1980 kulikuwa na kampeni ya redio nchini, iliyoitwa Misitu ni Mali. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma vitabu vyao, wakajadili. Naliona wazo lile kuwa zuri hata leo. Ningependa liongezewe jambo moja: kikundi kisome kitabu cha msitu wake chenyewe. Mali bila hesabu huishia kwa mwenye funguo.

Basi, ninachokuomba ni hiki. Wiki hii nendeni ofisi ya kijiji, watu watano au sita wa darasa lenu, mkiwa na mwalimu. Wasalimuni mwenyekiti na mtendaji kwa heshima. Msiende kwa shari, kwa sababu wengi wa viongozi wetu ni watu wema ambao hawajaulizwa tu. Ombeni kunakili sheria ndogo za msitu, na kama kijiji hakina, ulizeni ni lini zitapelekwa katika mkutano mkuu. Chukueni daftari jipya na kalamu mbili, maana moja hukauka. Kila mtu anakili kifungu kimoja. Kisha ombeni kuona kitabu cha stakabadhi.

Mkiambiwa kwamba mwenye ufunguo amekwenda mnadani, semeni hakuna taabu, mtamngoja. Kaeni chini ya mti.